Upasuaji wa saratani: tusihesabu bei ya kisu pekee

Mama wa Malindi anapoambiwa ana saratani ya mji wa mimba, jamaa huuliza kwanza: "Upasuaji ni pesa ngapi?" Ni swali la haki, kwani harambee huanza jioni hiyohiyo kwenye simu. Lakini kwa mgonjwa mwenye unene uliopindukia, bei hiyo ni kipande tu cha hesabu.

Saratani hii inahusiana sana na unene, kwa kuwa mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, ambayo huchochea ukuta wa mji wa mimba. Na jambo hili latuhusu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzani uliozidi au unene.

Miongoni mwa njia za kuutoa mji wa mimba ni hizi tatu: kufungua tumbo, kutoboa matundu madogo na kutumia kamera, au matundu hayohayo kwa roboti inayoongozwa na daktari. Mashine ya roboti hugharimu zaidi ya dola milioni moja, kabla ya matengenezo.

Kwenye karatasi, kufungua tumbo ndiko nafuu. Lakini wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kidonda kirefu kwenye tumbo lenye mafuta mengi hupona polepole na huingia vijidudu kwa urahisi. Hapo siku za kitanda huongezeka, kidonda husafishwa wiki baada ya wiki, na binti anayemwuguza huacha biashara yake ya mahamri. Akiwa amelazwa Mombasa, nauli ni ya kilomita 120 kwenda na nyingine kurudi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipa hospitali. Nauli na kazi iliyopotea ni juu ya familia.

Je, matundu ndiyo jawabu? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009, wenye wanawake zaidi ya 2,600, ulikuta asilimia 94 ya waliopangiwa kufunguliwa tumbo walilala hospitalini zaidi ya siku mbili, dhidi ya 52 kwa njia ya matundu. Lakini kwa wanene zaidi, mfano mwenye urefu wa sentimita 160 na kilo zaidi ya 103, zaidi ya nusu walioanza kwa matundu waliishia kufunguliwa. Hapo gharama za njia zote mbili hukutana kwenye bili moja.

Kwa maoni yangu, Kaunti ya Kilifi haihitaji kukimbilia roboti. Yahitaji madaktari na wauguzi waliozoea njia ya matundu, meza ya upasuaji inayobeba uzani mkubwa, na mpango wa kuwapeleka mapema wagonjwa wazito zaidi Hospitali Kuu ya Pwani. SHA nayo ipime gharama hadi kidonda kifunge.

Nawe uliye na mgonjwa, muulize daktari: njia gani, umewafanyia wangapi wenye uzani huu, na atalala siku ngapi? Na mama akitokwa na damu baada ya hedhi kukoma, msingoje. Saratani iliyowahiwa ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote.