Karatasi ya kubandika kwenye kioo si asiransi

Butembo. Tangu juma lililopita simu yangu hailali. Nilipitisha kwenye redio habari ya dakika mbili juu ya Hiace iliyolala kando ya barabara ya Beni, na tangu siku ile mashofere vijana, mama wa soko na wahami wa vita wananipigia na swali moja: ile karatasi ya asiransi tunayoona kwenye kioo cha gari, kazi yake ni gani? Kwenye habari mimi nasema kilichotokea, siongezi langu. Hapa nitasema langu.

Kwa wale ambao hawakusikia, jambo liko hivi. Shofere ni kijana wa miaka 23. Familia yake ilikimbia mauaji katika eneo la Beni, wakafika hapa na godoro moja na sufuria. Alianza kwa kuosha magari mtoni, kisha akawa wa kusimama mlangoni na kuita abiria, kisha akapata perimi, na mwaka jana patro mmoja akamkabizi gari. Kila jioni analeta pesa ya patro, kinachobaki ndicho cha mama yake na wadogo wake wanne. Anaendesha Butembo–Beni, kilomita 54, kwenda na kurudi.

Gari lenyewe lilitoka Japani likiwa la kubeba mizigo. Nyuma hakukuwa na viti, hakukuwa na madirisha. Fundi wa kuchomelea wa hapa hapa mujini alikata bati akatoboa madirisha, akachomelea mabenchi manne ya chuma, akaongeza majani ya resori ili lisikae chini likijaa. Mafreni alikuta nayo ni yale yale, hakuyagusa. Siku ile tairi la nyuma lilipasuka, gari likalala kwa ubavu, benchi la tatu likang'oka pamoja na watu waliokaa juu yake. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja mhami, aliyekuwa anarudi kuangalia kama mihogo yake ingali shambani, alivunjika mguu mara mbili.

Familia ilipoenda kwa kampuni ya asiransi (sitaitaja jina, na mukinipigia bado sitaitaja), waliwekewa mbele yao mkataba. Mkataba unasema gari ni la patro kwa matembezi na shughuli zake, viti vitatu. Gari lilikuwa na abiria kumi na tano. Tena limegeuzwa bila kampuni kujulishwa. Kwa hiyo hakuna malipo. Mlango ule pale, mama.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule aliyeuza karatasi ile hakuiuza ofisini. Aliiuza kwenye parking, amesimama chini ya mwavuli, kitabu cha risiti mkononi, na gari liko mbele yake, mabenchi yanaonekana, abiria wamekwisha kukaa na kuku wao na mabidoni yao. Kijana ananiambia: «Yaya, alinihesabia pesa akiegemea ule mlango. Aliuliza namba ya gari tu.» Akaandika viti vitatu kwa sababu karte rozi inasema viti vitatu, na kwa sababu viti vitatu ni bei ndogo, na mteja wa bei ndogo halalamiki. Mimi nasema hivi: mtu aliyeona mabenchi siku ya kupokea pesa hawezi kuyashangaa siku ya kulipa.

Najua jibu lao, nimelisikia. Wanasema asiransi, dunia nzima, inasimama juu ya maneno ya kweli. Mwenye gari anapashwa kutangaza gari ni la namna gani, linafanya kazi gani, na akiligeuza likawa na hatari zaidi anapashwa kusema. Ni kweli kabisa. Kampuni haiwezi kukadiria bei ya kitu isichokijua. Mtu akiweka mashini nyingine ya nguvu, akiinua gari, akihamisha volani kutoka kuume kwenda kushoto, gari lile si lile tena, na namba ya mashini haifanani tena na ile ya karte rozi. Mwenye kuficha mambo hayo kwa makusudi anaweza kupoteza haki yake. Sipingi.

Napinga mambo mawili. La kwanza, kutangaza kunahitaji mtu wa kutangaziwa. Muuzaji asiyeuliza, asiyezunguka gari hata mara moja, asiye na karatasi yenye swali «gari limebadilishwa nini?», huyo hakudanganywa. Alichagua kutojua. La pili ni kubwa zaidi: mama aliyevunjika mguu hakutia sahihi popote. Yeye alilipa nauli.

Na hapa turudie sheria, maana wengi wanafikiri asiransi ya lazima ni ya kumulinda mwenye gari. Katika inchi yetu, asiransi ya madaraka ya gari ni lazima tangu sheria ya 5 Januari 1973. Serikali haikuilazimisha ili patro alale usingizi mzuri. Iliilazimisha kwa ajili ya mtu wa pili: aliyegongwa, aliyeangushwa, aliyebebwa. Patro akitaka kulindia bati lake anaweza kununua asiransi nyingine kwa hiari yake. Hii ya lazima ni ya mama yule. Kama yeye ndiye wa kwanza kufungiwa mlango, basi tuambiwe wazi kwamba tunalipa kodi ya barabara yenye jina lingine.

Ndugu zetu walioko Ufaransa wanajua namna nyingine. Kule, gari lisilo na asiransi likikugonga, kuna mfuko wa dhamana uliowekwa tangu 1951: unakulipa wewe, kisha unamufuata dereva ili arudishe. Ugomvi juu ya gari lililogeuzwa unabaki kati ya wakubwa, mgonjwa haungojei hospitalini. Na kijana kule hapendelewi, musidhani. Dereva mpya anaweza kuongezewa bei hadi mara mbili mwaka wa kwanza, na nyongeza ile inapunguzwa nusu kila mwaka anaopitisha bila kusababisha ajali. Ni ghali, vijana wanalia. Lakini angalia akili iliyomo: bei inapanda kwa sababu ya hatari, na inashuka kwa sababu ya mwenendo. Kijana anajua akiendesha vizuri kitu kitabadilika.

Hapa kwetu je? Kijana wetu wa miaka 23, aliyepitisha miezi kumi na moja bila kumkwaruza hata mbuzi, analipa sawa na yule anayeendesha amelewa tangu asubuhi. Hakuna anayeandika mwenendo wake. Hakuna anayemwambia, punguza benchi moja, kaza mafreni, nasi tutapunguza bei. Karatasi inamgharimu kazi ya majuma matatu, na faida pekee anayoijua ni kwamba polisi wa barabara atamuacha apite.

Na polisi nao, tuseme. Kwenye barriere shefu anatazama kioo. Karatasi iko? Tarehe haijapita? Pita. Hafungui mlango kuhesabu viti. Mara nyingi nimepita humo nikiwa abiria wa nne kwenye benchi la watu watatu, karatasi inasema viti vitatu kwa gari zima, na shefu ametusalimia kwa furaha. Kuna kontroli tekniki pia, karatasi nyingine. Sijakutana na shofere hata mmoja hapa aliyeniambia kwamba mtu alilala chini ya gari lake kuangalia pale bati lilipochomelewa.

Nikiwa hapo niseme na jambo ambalo kila mtu anaona na hakuna anayelitaja. Hiace hizi zimetengenezwa kwa ajili ya inchi inayopita kushoto. Mlango wa kuvuta uko upande wa kushoto. Sisi tunapita kuume. Kwa hiyo mama anaposhuka na mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, usoni mwa malori. Kuna mafundi waliofunga mlango ule na kukata mwingine upande wa kuume. Ni gari lililogeuzwa, sawa? Kwa maneno ya kampuni ni sababu ya kukataa kulipa. Lakini ni geuzo linalookoa watu! Ndiyo maana siwaungi mkono wale wanaopiga kelele kwamba magari yote yaliyoguswa na fundi yakatazwe. Mukikataza, ni gari gani litakalopeleka wahami Oicha? Muhami hana pesa ya gari la viti vya ngozi. Tofautisha. Mlango uliohamishwa vizuri si sawa na benchi lililochomelewa kwa nukta mbili. Kazi ya kutofautisha ndiyo kazi ya asiransi, kwa sababu wao ndio wanaosema wanajua kuhesabu hatari.

Zamani tulikuwa na sababu ya kujifariji. Kampuni ilikuwa moja, ya serikali, tangu 1966, hakuna pa kwenda. Leo sababu hiyo imekufa. Sheria ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupewa ruhusa. Kuna na mamlaka ya kuzichunga, ARCA, huko Kinshasa. Tuliambiwa ushindani utaleta huduma. Huku kwetu nimeona miavuli imeongezeka kwenye parking.

Patro je? Huyu anajificha nyuma ya kijana, na watu wanamuacha kwa sababu ni mutu mukubwa. Lakini jina kwenye mkataba ni lake. Yeye ndiye aliyemlipa fundi. Yeye ndiye aliyesema «andika matembezi, abiria ni bei ya juu». Siku ya ajali, aliyelala kwenye amigo ni kijana, patro alikuja kesho yake kuuliza kama mashini imeharibika. Kijana ambaye gari si lake, mkataba si wake, na bado anaitwa mkosaji wa kwanza kwa sababu ya umri wake: «Ah, vijana wanakimbiza.» Tairi lililopasuka alikuwa amemuonyesha patro mara mbili, mpokea pesa wake anashuhudia.

Nisiwapake vijana asali. Kuna wale wanaokata bomba la moshi ili gari lingurume, wanaweka taa za buluu zinazopofusha mtu anayekuja, wanabandika karatasi nyeusi kioo kizima, kisha wanataka kampuni iwahurumie. Hao sina neno lao. Lakini kwa anayefanya kazi ya kweli, ninalomwambia ni hili: kabla ya kulipa, soma mstari wa matumizi na mstari wa viti. Kama umeandikiwa matembezi na wewe unabeba abiria, karatasi hiyo haikusaidii kitu. Mwambie muuzaji aandike yale anayoyaona, na kama gari limegeuzwa, peleka barua ofisini pamoja na picha, ubaki na kopi yenye muhuri. Wakikataa kugonga muhuri, njoo na mashahidi wawili. Ndiyo, bei itapanda. Muungane kumi au ishirini wa parking moja, mwende pamoja, muombe kulipa kwa awamu; mtu mmoja chini ya mwavuli hana nguvu ya kujadiliana.

Na kampuni, tunazoomba zitujibu hapa au kwenye redio, mlango uko wazi: mutaacha lini kuuza kwenye parking bila kufungua mlango wa gari? Mumlipe mama kwanza, kisha mumufuate patro muwezavyo, muna mawakili, yeye hana.

Jana nilipita kumuona. Bado yuko kwenye chumba cha watu kumi na wawili, mguu umefungwa na jiwe la kuvuta. Daktari anasema vyuma vinahitajika. Familia iliyompokea imekwisha kuuza mbuzi. Kijana shofere anakuja kila jioni na uji, anakaa mlangoni, haingii. Wadogo zake sasa wanakula kwa jirani maana gari liko polisi. Mama aliniuliza kama karatasi ya kwenye kioo bado ina siku. Nilikwenda kuangalia kwenye kiwanja cha polisi. Bado ina miezi mitano.