Mchagua Ndoano Ndiye Mvuvi

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa vijana, ofisa mmoja alitujibu kwa methali. Tulikuwa tumemuuliza kama kikundi chetu cha uvuvi kinaweza kubadilishiwa vifaa tulivyopewa. Akatabasamu, akasema: "Vijana, mchagua jembe si mkulima." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na tangu siku ile najilaumu, maana methali ilitumika vibaya na mimi nikanyamaza. Sasa nasema.

Nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kikundi chetu kina vijana kumi na wanne, wengi ni watoto wa upande wa Fizi na Uvira, wachache Warundi. Mwaka jana tuliambiwa vifaa vya uvuvi vimefika. Tukapanga mstari, tukapigwa picha, tukafungua sanduku. Bwana, vilikuwa vitu vya kupendeza! Minyoo ya plastiki laini, ya rangi ya zambarau, inametameta. Visamaki vya plastiki ngumu, macho yamechorwa, na mdomoni kijiulimi cha plastiki. Vyura vya mpira vyenye ndoano iliyojificha mgongoni. Vijiko vya chuma vinavyong'aa kama kioo. Na fito mbili fupi zenye kigurudumu cha kukunjia uzi.

Hakukuwa na ndoano tupu hata moja. Hakukuwa na risasi ya kuzamisha uzi. Hakukuwa na jaketi la kuelea hata moja, na ziwa letu lina viboko.

Kijana mmoja akatundika chura sikioni kama hereni. Tulicheka sana. Kicheko kiliisha baada ya wiki mbili, kwa sababu wiki mbili nzima tulirusha vile visamaki, asubuhi na jioni, na hatukuleta nyumbani kitu. Wiki ya tatu mmoja wetu, mwenye miaka kumi na saba na mama anayemtegemea, akachoka. Akakodi mtumbwi, akashona vyandarua viwili pamoja, akaingia ziwani usiku. Alikamatwa. Vyandarua vikachomwa, mtumbwi ukachukuliwa. Mwenye mtumbwi bado anamdai mama yule mpaka leo, na kila mwisho wa mwezi anakuja kusimama mlangoni kwake.

Sisemi kijana hakukosea. Alikosea, na nitarudi hapo. Lakini kwanza tuongee juu ya sanduku.

Nilimpelekea jirani yangu, mzee aliyevua Tanganyika zaidi ya miaka ishirini kabla ya kukimbia. Akashika kisamaki kimoja, akakigeuza, akakipuliza vumbi, akakiangalia kama mtu anayeangalia saa ya bei. Akasema: "Mutoto yangu, hii kitu ni ya muzuri. Ile mutu alitengeneza hii anajua samaki. Lakini hii ni ya samaki yenye kuwinda na macho. Hapa kwetu iyo samaki iko wapi?"

Swali hilo moja lingeulizwa kabla ya sanduku kufungwa, nisingekuwa naandika leo.

Nikaenda kusoma. Vitu vile vilitengenezwa kwa ajili ya samaki anayeitwa bass, yule mwenye mdomo mkubwa, wa mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Afrika Mashariki yupo pia: mwishoni mwa miaka ya 1920 alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya. Huyu samaki ni mwindaji wa kuvizia. Anajificha kando ya gogo au ndani ya majani ya maji, anasubiri kitu kipite, anakirukia. Kila kitu kwenye lile sanduku ni jibu kwa tabia hiyo. Kijiulimi cha mdomoni kinafanya kisamaki kizame na kuyumbayumba kinapovutwa, kama samaki aliyeumia. Kijiko kinarusha mwanga kama magamba. Chura ndoano zake zinatazama juu ili apite juu ya majani bila kukwama. Mnyoo unavishwa kwenye ndoano, halafu ncha inafichwa ndani ya mwili wake, kwa sababu hiyohiyo.

Na watu waliobuni vitu hivi walianza na samaki, hawakuanza na kiwanda. Lauri Rapala alikuwa mvuvi maskini wa Finland. Aliona kwamba samaki mkubwa akikuta kundi la wadogo, anamfuata yule anayeogelea vibaya. Mwaka 1936 akachonga kisamaki chake cha kwanza kinachoogelea vibaya makusudi. Mnyoo wa plastiki nao ulianzia Akron, Ohio, mwaka 1949, kwa mtu anayeitwa Nick Creme, aliyetaka kitu laini ambacho samaki akikiuma anadhani ni mnyoo kweli.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mvuvi wa bass kule Marekani ana makasha na makasha ya vyambo. Anachagua! Maji yakiwa maangavu anachukua rangi inayofanana na samaki halisi. Maji yakichafuka anachukua nyeusi, au rangi kali, au kitu kinachotetemesha maji ili samaki akisikie kwa mwili kabla ya kukiona. Anachagua unene wa uzi, ugumu wa fito, hata urefu wa mkia wa mnyoo. Na wengi wao wakishamvua samaki wanamrudisha majini, kwa sababu kwao ni mchezo. Mtu anayevua kwa mchezo ana haki ya kuchagua rangi ya mkia. Mimi ambaye samaki wangu anakwenda sufuriani, nikiuliza habari ya ndoano, naambiwa mchagua jembe si mkulima. Mbona hamkumwambia yeye?

Turudi ziwani kwetu. Nakivale ni ziwa la kina kifupi, mita chache tu, na maji yake si maangavu. Sangara hayumo. Tulionao ni tilapia, kambale, kamongo ambaye hapa wengi wanamwita emamba, na wale samaki wadogo wadogo. Tilapia wetu chakula chake kikubwa ni ule ukijani wa maji wenyewe. Mvutie kisamaki cha plastiki mbele ya pua siku nzima, hana habari nacho. Kambale anatembea usiku, anapapasa matope kwa sharubu na kufuata harufu. Kamongo anapenda konokono, na anapanda juu kuvuta hewa kama sisi. Hawa wawili ukiwataka, unahitaji chambo kinachonuka: mnyoo wa kweli, kipande cha samaki, kwenye ndoano imara, kwenye uzi mrefu unaolazwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Plastiki hainuki. Basi.

Lakini asije mtu akasema tunakataa chambo bandia kwa kuwa ni kitu cha wazungu. Tunakijua. Tanganyika, baba zetu wanavua mikeke, wale ambao Kigoma wanawaita migebuka, kwa uzi wa mkono wenye ndoano nyingi ndogo zilizofungwa manyoya. Hakuna nyama wala mnyoo. Unashusha, unapandisha, unashusha, unapandisha, na mukeke anadhani ni ndagala anayekimbia. Inafaa kule kwa sababu maji ya Tanganyika ni maangavu, kina kinapita mita 1,400, na mukeke anawinda ndagala kwa macho. Mzee wangu yule alikuwa anachagua unyoya wa jogoo gani. Alipofika hapa Nakivale hakuja na manyoya yake ziwani. Alikaa kando ya maji wiki nzima, akauliza wenyeji, akaanza upya na minyoo. Hiyo ndiyo akili ya mvuvi: kifaa anakichagulia samaki.

Na hiyo methali nayo, tuiheshimu. Ilitungwa kwa ajili ya mvivu anayesingizia jembe ili asiende shambani. Sisi tulikwenda. Wiki mbili tumelowa. Halafu muulizeni mama yeyote anayelima hapa kama hachagui jembe. Atakwambia la mlimani penye mawe ni lingine na la bondeni ni lingine, na mpini mbaya unamchuna mkono. Mkulima ndiye wa kwanza kuchagua jembe. Asiyechagua ni yule asiyekwenda kulima.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: vilikuwa vya bure. Si kweli. Kuna mtu alilipa kuvisafirisha, kuna gari lilivileta, kuna ofisa alilipwa siku nzima kutugawia, na kuna mama anadaiwa mtumbwi. Cha bure kisichofaa kina bei, ila anailipa mtu mwingine.

La pili: tutaulizaje kila mtu? Hamhitaji kuuliza kila mtu. Muulizeni mmoja anayevua. Mwaka wa nyuma yake wavuvi wa hapa waliomba ndoano kubwa za kamongo, namba 7. Aliyekwenda kununua akaona namba 16 dukani, akadhani anawafanyia hisani, amewaletea kubwa zaidi. Kwenye ndoano hizi namba ikipanda, ndoano inapungua. Walipata ndoano za kuvulia samaki wa kidole. Kosa lile lingezuiwa kwa kumchukua mvuvi mmoja kwenye gari, akae kiti cha nyuma, aende mpaka dukani na kurudi.

Sasa na sisi wakazi, msipige makofi bado. Siku ya sanduku nani alisema havifai? Hakuna. Nilisaini karatasi ya mapokezi kwa mkono wangu mwenyewe, na chini yake palikuwa na sehemu ya maoni. Niliandika "asante sana." Kwenye ripoti ya mtu fulani, mimi ni ushahidi kwamba mradi ulifaulu. Tumejizoeza kuogopa: ukisema havifai, hawataleta tena. Lakini wakileta tena vilevile, umepata nini? Anayeshukuru kwa kitu asichoweza kukitumia anampotosha mtoaji, na anamnyima jirani yake anayekuja nyuma.

Na nyinyi vijana wenzangu wa chandarua, nimesema nitarudi. Najua njaa. Lakini chandarua hakichagui, na ubaya wake ni huo. Ndoano inachukua mkubwa mwenye mdomo wa kuimeza. Wavu wenye matundu mapana unamwacha mdogo apite. Chandarua kinabeba mpaka wale wa juzi, kwenye ziwa dogo ambalo sisi na wenyeji tunalitumia pamoja. Mwenyeji akiona ziwa limekwisha hatasema ni njaa, atasema ni wakimbizi. Na mtoto wako nyumbani analala na mbu. Kama nadai ofisi ichague vizuri, siwezi kukusifu wewe unayevua bila kuchagua.

Basi tunataka nini? Si mengi. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kazi, ulizeni mambo matatu mbele ya mtu anayefanya hiyo kazi. Ni samaki gani? Ni maji gani? Kikikatika, kitatengenezwa na nani na kwa kitu gani? Fito zile mbili, kigurudumu cha moja kilikwama mwezi wa kwanza na hakuna fundi hapa anayekijua. Uzi wa mkono ukikatika unaufunga fundo, unaendelea. Maswali haya yanafaa hata kwa cherehani, hata kwa mbegu, hata kwa kompyuta za kituo chetu.

Halafu tusaidieni na kile ambacho hatuwezi kujinunulia kwa urahisi: vibali, ili kijana aingie ziwani mchana na jina lake likiwa kwenye daftari, na jaketi za kuelea. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kufanya kazi. Tusaidieni kuifikia nafasi hiyo, ndoano tutajua wenyewe.

Sanduku bado lipo kituoni, chini ya meza ya michezo. Sijalitupa, kwa sababu aliyevitoa vitu vile naamini alivipenda. Huwezi kununua vyura kumi na viwili vya rangi tofauti kama huwapendi. Labda alidhani kila ziwa lina bass wake. Hakuna aliyemwambia, na mimi niliandika "asante sana." Mwenye kujua mtu anayekwenda Naivasha aje alichukue, nitamsaidia kulibeba.

Sisi kikundi tumekaa Jumamosi, tumeandika orodha yetu, mzee akiwa katikati. Ndoano namba 7, mia mbili. Uzi mnene, bobini sita. Risasi kilo mbili. Jaketi kumi na nne. Kibali kimoja cha kuanzia. Na mstari wa mwisho haumo kwenye fomu, tumeuongeza kwa kalamu: kiti kimoja kwenye gari la kwenda dukani.