Mwas Hakuanza Kuigiza Jukwaani

Mwaka jana niliweka video ya sekunde 60 kuhusu Nairobi Half Life. Wengi wenu mnaikumbuka. Nilisema ni muvi ya kijana wa mashambani anayekuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa, anaingia mbogi ya wezi, basi. Mlicheka vile niliiga sauti ya Oti, mkaisambaza, nami nikaridhika. Leo nataka kuiombea msamaha ile video, juu kila kitu nilichosema kilikuwa kweli na bado niliikosa muvi yenyewe.

Ni filamu ya 2012, ya David Tosh Gitonga, na ndiyo ya kwanza Kenya kupeleka kwa Oscar kwenye kitengo cha lugha za kigeni. Wengi wetu tulikuwa praimari. Tuliionea kwa simu ya mtu au kwa kibanda cha muvi, na kilichotubakia ni Sheng yake na vile wasee wanachomoa vitu kwa magari ya watu.

Rudi mwanzo. Kabla ya Nairobi, kabla ya River Road, Mwas anauza muvi kijijini kwao. Hauzi kwa kutaja bei. Anaziigiza. Anakuwa yule jamaa wa vita, anafoka, anapigana na hewa, halafu anaitisha pesa. Zamani niliona hapo ni kichekesho tu. Sasa naona mtu ambaye tayari anajua hatapewa kitu akiwa yeye mwenyewe. Akisimama hapo kama Mwas wa kwao, nani atatoa shilingi? Lazima kwanza awe mtu mwingine.

Halafu Nairobi inamfunza hilo somo tena, kwa kiboko. Anaporwa kila kitu siku ya kwanza. Anatupwa seli. Anaoshwa... hapana, yeye ndiye anaosha, choo ambacho hata ukikitazama kwa skrini unaziba pua. Hapo ndipo anapatana na Oti, na akitoka anapata nafasi mbili: mbogi ya Oti, na mchezo wa Phoenix Players. Kwa mbogi lazima awe mgumu. Kwa waigizaji lazima awe msee safi ambaye hakuna mahali ametoka. Swali ambalo sikujiuliza kwa ile video: huyu jamaa anakuwa Mwas saa ngapi?

Kuna watu wakisikia unazungumzia saikolojia ya muvi wanadhani utaanza kuwaeleza maana ya rangi ya koti. Mimi sina hiyo elimu, na mnajua niliiachia wapi. Ninachosema ni rahisi. Mhusika ana kitu anachofanya mbele ya watu, na ana gharama anayolipa ndani yake ili aendelee kukifanya. Sisi wa kufupisha muvi tunawapa kile kitu na kuacha gharama, juu gharama haitoshei sekunde 60. (Sio kila muvi, lakini. Fast and Furious iacheni ikae vile iko.)

Niliacha chuo mwaka wa pili. Hilo nimelitania hapa mara nyingi. Kitu sijawahi kusema ni kwamba kwa miezi saba mathee hakujua. Kila Jumapili jioni alikuwa anapiga, na mimi nampa semesta nzima: CAT imeahirishwa, lekchara ni mkali, kazi ya kikundi na msee haonekani. Lekchara nilimpa hadi jina. Nimeketi kwa godoro, simu iko kwa spika, na wacha niwaambie, nilikuwa mzuri. Nilijua pa kunyamaza. Siku moja akauliza maksi. Nikacheka kwanza, ile kicheko ya mtu amepita, kisha nikamtajia alama. Akanishukuru Mungu. Nilipokata simu mikono ilikuwa inatetemeka.

Usiku huo ndio nilifungua Nairobi Half Life kutafuta klipu, nikajikuta nimeiangalia yote.

Kama hujaona mwisho, ruka hii aya. Polisi wanawamaliza wenzake, Oti akiwemo. Mwas anaponea, na anapanda jukwaani kucheza sehemu yake. Watu wanapiga makofi. Kwa video yangu niliita hiyo "ndoto imetimia". Manze. Rafiki zake wamekufa, na watu waliolipa tiketi wanadhani wanachoona usoni mwake ni kipaji. Na ni kipaji pia, hiyo ndiyo inauma. Hakuna mtu pale ndani anaweza kumwuliza uko sawa, juu vile anavyozidi kuumia ndivyo anavyozidi kuonekana anajua kazi.

Ukitaka upande wa pili wa hiyo hali, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa kutopona, na dada yake Mwix anashawishi majirani waigize ili Jo aamini ana nguvu za ajabu. Wengi hulia juu mtoto anakufa. Mimi nililia nilipojua kwamba Jo mwenyewe anajua. Anajua ni igizo na anawaacha waendelee. Nadhani ameona wao ndio wanalihitaji zaidi. Kwa hiyo nyumba nzima inaigizana, kila mtu akimlinda mwenzake, na hakuna mwongo hata mmoja. Sijui lugha nyingine ya kuielezea.

Mathee nilimwambia Desemba, jikoni, akikata sukuma. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu kwa matatu. Nilipomaliza hakuinua kichwa. Akasema, "Huyo lekchara wako alibadilisha jina mara mbili, baba." Kisha akaniambia niongeze maji kwa sufuria.

Sijamwuliza alijua tangu lini. Jumapili hii niko nyumbani na nimeibeba Supa Modo kwa flashi, yeye hajawahi kuiona. Ile video ya zamani sitaifuta. Ninatengeneza nyingine, ndefu, inaanzia pale kijijini kwa zile muvi za kuuza. Rudieni dakika za kwanza kabla sijaiweka.