Nukta ya Mwanga, Ukuta Mmoja



Juma hili napenda tutafakari juu ya mchezo. Huenda wapo watakaoona kuwa jambo hili ni dogo, lakini mtu hufahamika sana anapocheza, na watoto wetu hufunzwa mengi na michezo kuliko na maonyo yetu.

Mchezo wenyewe ni huu. Projekta hutupa picha ukutani. Mchezaji hushika kielekezi cha leza, kifaa kidogo mfano wa kalamu ambacho wahadhiri hukitumia kuonesha maneno ukutani. Kamera huutazama ukuta huohuo na kuipelekea kompyuta picha nyingi kwa kila sekunde, nayo kompyuta huitafuta nukta inayong'aa kupita zote. Kwa kuwa tangu mwanzo imeoneshwa pembe nne za picha, hutambua mara moja nukta imeangukia wapi. Basi nukta ile huwa kama kidole cha mchezaji: huchora, husukuma mpira, hufukuza samaki.

Maoni yangu ni kwamba mchezo wa namna hii unafaa kukaribishwa katika kumbi zetu, kwa kuwa huwakusanya watu wengi mbele ya ukuta mmoja, wakati ambapo kila mtu amezoea kuinamia simu yake peke yake. Lakini ukaribishwe kwa sharti moja ambalo nitalieleza.

Mwaka 1991, katika mkutano wa SIGGRAPH mjini Las Vegas, Marekani, Loren na Rachel Carpenter waliwapa watu waliojaa ukumbini vibao vyenye upande mwekundu na upande wa kijani. Kamera ilizisoma rangi hizo, na umati mzima ukacheza mpira wa meza kwenye skrini. Hakuna aliyekuwa nahodha, na kila kibao kilihesabiwa. Mwaka 2002 Dan Maynes-Aminzade, Randy Pausch na Steve Seitz waliiendeleza fikra hiyo: watazamaji waliuongoza mchezo kwa kuinama kushoto na kulia vitini, kwa kivuli cha mpira uliorushwa juu ya vichwa vyao, na pia kwa vielekezi vya leza.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Nukta za leza hufanana, na kamera peke yake haiwezi kujua ipi ni ya nani. Anayetaka kuonekana yeye binafsi atavunjika moyo. Kwa hiyo michezo inayofaa zaidi ni ile ya kazi ya pamoja, kama vile nukta nyingi kuipaka rangi picha moja mpaka ikamilike. Naliona hilo kuwa ni funzo jema, hata kama limetokana na upungufu wa kamera.

Mwaka 2007 kundi la wasanii liitwalo Graffiti Research Lab lilifanya hivyo mjini Rotterdam, Uholanzi. Watu walisimama chini barabarani wakaandika kwa leza juu ya jengo refu, nayo projekta ikayaonesha maandishi yao kwa mwanga usioacha doa. Miaka miwili baadaye baadhi ya wasanii hao walimwendea Tony Quan wa Los Angeles, mchoraji wa kuta aliyepooza kwa maradhi ya neva yaitwayo ALS. Kwa miwani ya bei nafuu na kamera ndogo, walitengeneza kifaa cha kufuatilia mboni ya jicho lake kwa kanuni ileile ya kufuata nukta moja. Akiwa kitandani hospitalini, alichora kwa macho yake, na mchoro wake ukaonekana kwenye jengo mjini. Je, tumewahi kujiuliza, tunapopanga michezo ya vijana, ni nani ameachwa nje kwa sababu hawezi kukimbia wala kushika mpira?

Sasa nilieleze sharti lenyewe. Leza si kitu cha kuchezea ovyo. Mwaka 2013 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima vielekezi 122: takriban asilimia 90 ya vile vya kijani na asilimia 44 ya vile vya rangi nyekundu havikutimiza kanuni za usalama. Aidha, vile vya kijani vilivyotengenezwa vibaya huweza kuvujisha mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni na hivyo halipepesi kujikinga. Mwanga wenye nguvu ukiingia jichoni huunguza retina, na jeraha hilo laweza kudumu maisha yote. Maandishi ya kwenye kifaa cha bei rahisi, basi, si dhamana ya kutosha.

Kwa sababu hiyo nawasihi wazazi na walezi wa vijana: mikononi mwa watoto, iwekeni tochi ndogo mahali pa leza. Katika ukumbi wenye giza kiasi, kamera huweza kuufuata mduara wa tochi ukutani, na mchezo hauharibiki. Ikiwa ni lazima kutumia leza, iwe ile isiyozidi miliwati 1, iliyonunuliwa kwa muuzaji wa kuaminika, na ishikwe na mtu mzima. Wachezaji wote waelekee ukutani, vioo viondolewe, na asiruhusiwe mtu kupita mbele yao.

Wapo watakaosema kuwa tochi haina mvuto kama leza. Huenda ni kweli. Lakini furaha ya mchezo huu iko katika kuimaliza picha pamoja, na mtoto anayeshika tochi ataipata furaha hiyo kama wenzake, kisha atarudi nyumbani na macho yake yakiwa salama.