Mtihani wa Leseni na Amana ya Muuguzi

Kila mwaka vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, wa chuo cha afya cha Mvumi na wa vyuo vinginevyo vya nyanda hizi za kati, wakiisha kuhitimu masomo yao, hujiandaa kwa mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 haimruhusu mtu yeyote kushika kazi hiyo pasipo kusajiliwa na kupewa leseni. Sheria hiyo ni ya haki, maana mgonjwa aliyelala hoi hana wasaa wala uwezo wa kumpima anayemjia na sindano mkononi. Baraza humpimia kwa niaba yake. Lakini imeenea miongoni mwa watahiniwa ada ya kukusanya maswali ya miaka iliyopita na kukariri majibu yake usiku na mchana, wakidhani kwamba aliyehifadhi jibu amepata elimu. Rai yangu, ambayo naitoa kwa taadhima kwa wanafunzi na kwa walimu wao, ni kwamba jibu lililotenganishwa na sababu yake halimfai mgonjwa, na aghalabu halimfai hata mtahiniwa mwenyewe.

Tutazame kifafa cha mimba. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mama aliyepatwa na dhiki hiyo huanzishiwa magnesiamu salfeti, gramu 4 zikiingizwa polepole katika mshipa na gramu 5 katika kila tako, na kwamba kila baada ya saa 4, kabla ya kurudia dawa, muuguzi hana budi kuhakikisha mambo matatu: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie linapogongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Anayekariri mambo hayo kama orodha huenda akasahau moja katika zamu ya usiku yenye wazazi wengi. Lakini anayefahamu kwamba dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwamba figo zikilegea dawa hujilimbikiza katika damu, na kwamba ikizidi kiasi kwanza goti huacha kuitikia, kisha pumzi hudhoofika, na hatimaye moyo husimama, huyo hahitaji orodha, kwa sababu kila kipimo kinamwambia dawa imefika wapi. Naye akiona pumzi zimepungua, hangoji kuamriwa ndipo asitishe dozi inayofuata. Huita msaada, humsaidia mama kupumua, na huitafuta kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinga ya sumu hiyo, gramu 1 katika mshipa, polepole.

Kadhalika katika hesabu, ambazo watahiniwa wengi huziogopa. Daktari ameandika maji ya mililita 1000 yaingie kwa saa 8, na mpira wa dripu uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000, nayo yakigawanywa kwa dakika 480 hupatikana takriban matone 42 kwa dakika. Katika zahanati ya kijijini, Chamwino au Bahi, ambako aghalabu hakuna mashine ya kuyaendesha maji hayo, muuguzi huyahesabu kwa jicho lake na saa yake ya mkononi. Akikosea kwa mtoto mchanga mwenye utapiamlo, maji yanayozidi humlemea moyo, na hesabu iliyokuwa alama moja tu katika karatasi ya mtihani huwa uhai wa mtoto.

Fauka ya hayo, yapo maarifa yatokanayo na ardhi yenyewe. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kufika katika vituo vya afya wakiwa wanatapika, wanaumwa matumbo, macho yamegeuka manjano na matumbo yamejaa maji. Wakahesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu uotao katika nafaka zisizokaushwa wala kuhifadhiwa vema, nayo ilikuwamo katika mahindi waliyokula. Macho ya manjano yana sababu nyingi, na muuguzi aliyezoea kuchagua herufi moja kati ya nne huridhika na ile iliyozoeleka. Bali aliyefunzwa kuchunguza kabla ya kuhukumu humwuliza mgonjwa amekula nini, jirani zake wana hali gani, na ghala lake liko vipi.

Nafahamu hoja ya wanafunzi, nayo ina uzito: muhula ni mfupi, wodi zimejaa wanafunzi kuliko vitanda, na wakufunzi ni wachache. Kwa hiyo haitakuwa insafu kuwatwika wao peke yao lawama ya kukariri. Vyuo vinawajibika kumpeleka mkufunzi wodini pamoja na wanafunzi wake, amwulize kila mmoja mbele ya mgonjwa kwa nini dozi hii, kwa nini sasa, na nini kitafuata. Hospitali nazo, tangu Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa hadi Mirembe inakotunzwa afya ya akili, hazina budi kuyahesabu mafundisho kuwa ni sehemu ya huduma. Na Baraza, ambalo mikononi mwake umewekwa ulinzi wa umma, litunge maswali yenye mgonjwa, hali na uamuzi, ambayo haiwezekani kuyajibu kwa kukumbuka tu herufi ya mwaka jana.

Nanyi vijana, someni kwa jamaa, mmoja akieleza na mwenzake akimhoji; na kila mnapopata jibu sahihi, msiliache mpaka mmeweza kutaja sababu yake na sababu ya kukosea kwa yale matatu mengine. Leseni mtakayopewa ni amana ya watu wasiowajua na ambao hawakushuhudia mtihani wenu. Itafuteni kwa elimu inayostahili amana hiyo.