Filamu Huru, Huru kwa Nani?

Wapo wanaozisifu filamu huru za Tanzania kwa hoja moja: kwamba zimejitenga na soko la kanda za harakaharaka na kuirejeshea sanaa hadhi yake. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni nusu ya maneno. Aliyejikomboa kwa mchuuzi wa kanda hajawa huru bado, ikiwa amejifunga kwa jopo la waamuzi wa ughaibuni.

Zitazamwe nne. T-Junction ya Amil Shivji (2017) inawapa sauti wachuuzi wa Dar es Salaam ambao mji huwafagia kama taka. Fatuma ya Jordan Riber (2018) inamweka mwanamke mkulima katikati ya kisa, si pembeni. Binti ya Seko Shamte (2021) inafuata maisha ya wanawake wanne wa mjini bila kuwahubiria. Vuta N'Kuvute, ya Shivji pia (2021), imeihuisha Unguja ya miaka ya 1950 kutoka riwaya ya Adam Shafi, na mwaka 2022 ikatwaa Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia. Hakuna iliyo dhaifu miongoni mwao.

Lakini tatu kati ya hizo nne zinakaa pwani na visiwani. Singida, kwa kamera hizi, ni mji wa kupitwa na basi liendalo Mwanza. Na si kwa ukosefu wa visa. Katika miaka ya 1940 vifo vilivyodhaniwa ni vya simba viliitikisa nchi ya Wanyaturu. Serikali ya kikoloni ikashikilia kuwa wauaji ni watu waliovaa ngozi za simba, ikawashitaki. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliiandikia habari hiyo tathmini mpya. Hofu, ushirikina, mahakama ya mkoloni, ushahidi wa kutiliwa shaka: mtunzi gani angeomba zaidi?

Pengo lisilozibwa na mwenyeji huzibwa na mgeni. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, mkoani humohumo, walipata filamu yao mwaka 2014 kwa mkono wa Mmarekani Bill Benenson, nayo ikasimuliwa kwa Kiingereza. Mwenye kusimuliwa asipoielewa simulizi yake, amegeuzwa kuwa mandhari.

Ndipo linapokuja suala la lugha. Filamu ya Kiswahili hutiwa maandishi ya Kiingereza kwa ajili ya Toronto, na hakuna anayelalamikia gharama. Kinyaturu na Kinyiramba vikitajwa, husemwa havilipi. Ilhali Lufufu na wasimulizi wenzake wa vibanda vya video, waliodharauliwa na wasomi, walichukua sinema za kigeni wakazitia Kiswahili cha mtaani, mtazamaji asiyejua Kiingereza akacheka na kulia panapostahiki. Hao walimheshimu mtazamaji kabla ya kumheshimu mwamuzi.

Itajibiwa kuwa msanii hapangiwi pa kupeleka kamera. Kweli. Lakini anayejiita huru huulizwa uhuru wake ameutumiaje. Filamu iliyoonyeshwa Ngome Kongwe na ughaibuni, isitandaziwe hata shuka jeupe kando ya ziwa Singidani, bado inadaiwa. Na deni hilo halilipwi kwa tuzo.