Peleka mtandao wa nyumbani hadi ghalani, acha kununua bando la pili

Msimu uliopita mnunuzi mmoja wa Nairobi alinipigia simu akitaka kuona picha za vitunguu kabla hajatuma pesa. Ilikuwa saa nane mchana. Niko ghalani kwangu hapa Namanga, upande wa Tanzania, magunia yako mbele yangu. Nikapiga picha sita, haikwenda hata moja. Simu ilikuwa imenasa mtandao wa upande wa pili wa mpaka, bando langu halitambuliki huko, na salio la kawaida lilikuwa limeshaliwa. Nikatoka mbio kurudi nyumbani, mita kama sabini hivi, kuitafuta waifai ninayoilipia kila mwezi. Picha zilipomfikia, mzee wa watu alikuwa ameshakubaliana na jirani yangu.

Nyumba yangu na ghala viko kiwanja kimoja. Mwenye mali ni mmoja na bili ya intaneti ni moja. Lakini mtandao ulikuwa sebuleni ukiwahudumia watoto wanaotazama katuni, na biashara ilikuwa nyuma ya nyumba ikiishi kwa kuokoteza mawimbi.

Najua siko peke yangu. Ukipita Sirari, Holili, Mutukula, Busia au Rusumo utakuta mpangilio ni uleule: nyumba mbele, stoo nyuma, na katikati uwanja wa kugeuzia gari. Zamani haikuwa tatizo, kwa sababu ghala lilihitaji mizani, daftari na kufuli tu. Siku hizi Tanzania inataka risiti ya EFD, Kenya ina eTIMS, Uganda ina EFRIS na Rwanda ina EBM. Mnunuzi anataka picha, analipa kwa simu, na dereva anatumiwa nyaraka kwa simu. Yote hayo yanatokea pale mzigo ulipo.

Maoni yangu ni haya: mfanyabiashara ambaye tayari analipia intaneti nyumbani asinunue laini ya pili wala bando la kila siku kwa ajili ya ghala. Achimbe mtaro. Mimi kwa miezi kadhaa nilimnunulia kijana wangu wa stoo bando kila asubuhi, na nilipokaa chini na daftari nikagundua kwamba pesa hiyo ingetosha waya, bomba, fundi na chenji ikabaki.

Kabla ya waya nilifanya kosa ambalo wengi wanalifanya. Nilikwenda dukani, nikauziwa ripita, kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kuongeza nguvu ya waifai. Nikakichomeka ghalani. Taa zikawaka, simu ikaonyesha mistari yote imejaa, na intaneti haikwenda. Nikarudi kununua kikubwa zaidi. Hadithi ikawa ileile.

Sababu yake ni rahisi, na laiti muuzaji angenieleza. Ripita haina intaneti yake yenyewe. Inapokea mawimbi yanayotoka kwenye ruta na kuyarusha tena. Ukiiweka mahali ambapo mawimbi yamefika yakiwa dhaifu, nayo inarusha udhaifu huohuo, ila kwa sauti kubwa. Ile mistari iliyojaa kwenye simu inakuonyesha umbali wako na ripita, haikuonyeshi umbali wa ripita na ruta. Zaidi ya hapo, zile za bei ndogo hupokea na kurusha kwa njia moja, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu. Kama huna namna nyingine, iweke katikati ya safari, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, kwa mfano dirisha la jikoni linalotazama stoo.

Wengine wanasema wafunge ruta yenye antena kubwa nyumbani. Nayo haitoshi. Mawasiliano ni ya kwenda na kurudi. Ruta inaweza kupiga kelele hadi ghalani, lakini simu yako ina redio ndogo na betri ndogo, sauti yake haifiki nyumbani. Tena kumbuka maghala yetu yamejengwa kwa mabati. Mabati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, na mzigo wenye maji mengi ndani yake, kama nyanya au vitunguu vibichi, huyanywa. Siku stoo ikiwa tupu unaona mtandao unaingia kidogo. Ikijaa mali, yaani siku unayouhitaji hasa, haupo.

Kwa hiyo waya. Ninausema ule waya wa mtandao wenye nyaya ndogo nane ndani. Unafanya kazi vizuri hadi mita 100, na maghala mengi ya nyuma ya nyumba hayafiki huko. Nunua wa shaba tupu. Sokoni umejaa waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, na unauzwa kwa maneno matamu. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe. Chukua wenye ganda jeusi la kuvumilia jua, upitishe ndani ya bomba la plastiki, ufukie mahali ambapo gari halikanyagi, na usiulaze sambamba na waya wa umeme.

Ukifika ghalani, waya unachomekwa kwenye ruta ya pili. Hata ile ya zamani uliyoitupa kabatini inafaa. Mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, azime kazi ya kugawa anwani kwenye ruta ya ghalani, ibaki kwa ile ya nyumbani pekee, na aipe ruta hii anwani yake tofauti. Ruta mbili zikigawa anwani kwa pamoja simu zinachanganyikiwa, na utalaumu waya bure. Pili, aipe jina na nywila ileile ya nyumbani, ili ukitembea kutoka sebuleni hadi kwenye mizani simu ihame yenyewe. Ikiwa ghala halina umeme, vipo vifaa vinavyopitisha umeme mdogo ndani ya waya huohuo na kuwasha ruta upande wa pili.

Hapa lazima nitaje radi, maana wenzangu wa ukanda wa Ziwa Victoria wanaishi katika moja ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Waya wa shaba kati ya majengo mawili unaweza kuingiza radi hadi kwenye ruta na kila kilichochomekwa humo, mashine ya risiti ikiwemo. Kwenu ninyi, na kwa yeyote ambaye ghala lake limezidi mita 100, nashauri faiba. Ni uzi wa kioo, haupitishi umeme, na unaenda mbali sana. Unahitaji vigeuzi viwili, kimoja kila upande, na siku hizi havina bei ya kutisha. Ila uusikunje kama kamba ya mbuzi, utavunjika ndani na nje usione kitu.

Na kama katikati kuna barabara au shamba la mtu? Zipo antena za jozi, moja unaifunga kwenye ukuta wa nyumba, ya pili kwenye ukuta wa ghala, zinatazamana. Ni kazi nzuri zikionana bila mti wala lori katikati. Zifunge juu kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu mahindi ya jirani yatakua.

Wapagazi na madereva watakuomba nywila. Wape, lakini wape ile ya wageni, ambayo ruta nyingi zinayo. Nywila ya kwanza ibaki kwa mashine ya risiti na simu yako ya kupokelea malipo. Na wewe uliye karibu na mpaka, nenda kwenye mipangilio ya simu uchague mtandao wako kwa mkono, usiiachie simu ijichagulie.

Sasa nina rafiki anayelala Namanga ya Tanzania na mali yake iko Namanga ya Kenya. Kutoka kwenye dari yake analiona paa la ghala lake. Amenisikia nikisifia antena za jozi, akaniuliza kwa nini asifunge moja huku na moja kule. Nilimjibu asithubutu. Kurusha mawimbi kuvuka mpaka ni suala la mamlaka za mawasiliano za nchi mbili, na akikutwa, maelezo kwamba ni ya stoo tu hayatamsaidia.

Lakini jibu hilo halinifurahishi. Jumuiya yetu ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo: mzigo usiozidi dola 2,000 ulio kwenye orodha unapata cheti chake cha uasili palepale mpakani, bila kwenda mjini. Ina pia mpango wa eneo moja la mtandao, ulioanza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, ila ulianza na bei za kupiga simu, na mwenye ghala leo hahitaji kupiga simu kiasi hicho. Anahitaji data. Vyama vyetu vya wafanyabiashara wa mipakani vinapokaa na maofisa kuzungumzia foleni za malori, viombe na hili: fomu moja, ada moja, inayoruhusu mfanyabiashara mdogo aliyesajiliwa kuunganisha nyumba na ghala lake kwa antena ndogo, na bando lisilokufa mita chache baada ya jiwe la mpaka. Rafiki yangu kwa sasa analipa bili mbili za intaneti kila mwezi, kwa kampuni mbili, kwa umbali usiofika mita 300.